Nyumba ya Tippu Tip na Hesabu Yake

Mtu afikaye Butere, mahali linapoishia tawi la reli litokalo Kisumu, hana haja ya kuuliza sana ili ajue kwamba biashara ni miongoni mwa mambo yaliyoufanya mji ule. Reli ilifika huko mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kila ilipofika reli palifuata maduka. Maduka ya kizamani ya miji ya namna hiyo yafanana kama watoto wa baba mmoja. Paa ni la bati. Mbele pana kibaraza kilichoinuliwa kidogo juu ya vumbi la njia, penye kivuli, ambapo fundi huweka cherehani yake na wazee hupumzika. Ndani ya mlango pana meza ndefu na rafu za nguo, chumvi, sukari na sabuni. Nyuma ya duka pana ua, na kuuzunguka ua huo pana ghala, jiko, na vyumba alimolala mwenye duka na jamaa zake.

Mkulima aliyeuza mahindi yake na karani aliyepokea mshahara wake wamepita mara nyingi mbele ya vibaraza kama hivyo bila kuona jambo la ajabu. Lakini umbo lile la nyumba, yaani kibaraza mbele, biashara mlangoni, ua ndani, na maisha ya nyumbani yakiwa yamefichwa machoni pa wapita njia, lina ndugu wa zamani sana huko pwani. Tena daftari la deni, lile ambalo mwenye duka huliweka chini ya meza na kuandika ndani yake jina la kila mtu aliyechukua shuka leo ili alipe wakati wa mavuno, lina ndugu yake huko huko.

Mahali pa kuwaona ndugu hao wawili kwa pamoja ni kisiwani Unguja, katika mtaa wa Shangani wa Mji Mkongwe. Hapo iko nyumba ya mfanyabiashara aliyeitwa Hamed bin Muhammed bin Juma el-Murjebi, ambaye dunia yote ilimjua kwa jina la Tippu Tip. Nyumba hiyo yastahili kutazamwa kwa makini, maana mlango wake wasema jambo moja, na kuta zake zasema jingine.

NJIA ZA MISAFARA

Kwanza yafaa msomaji wa Butere afahamu jinsi mambo ya Unguja yalivyomhusu babu yake. Kabla ya reli, bidhaa za pwani zilifika nchi ya Wanga kwa mabega ya watu. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilipita nchi ya Wamasai, ikafika Elureko, mji wa Nabongo, ambao baadaye uliitwa Mumias. Hapo wasafiri walipata chakula, wakapumzika, kisha wakaendelea kutafuta pembe za ndovu upande wa Mlima Elgon na nchi za kaskazini. Joseph Thomson, Mskoti, alipofika huko mwaka wa 1883, aliikuta njia hiyo ikijulikana tayari na watu wa pwani. Waliacha huko nguo, shanga, nyaya za shaba, lugha ya Kiswahili, na dini ya Kiislamu, ambayo mpaka leo ina mizizi Mumias.

Tippu Tip mwenyewe hakupita njia hiyo. Njia yake ilikuwa ile ya kusini, itokayo Bagamoyo kwenda Tabora, ikafika Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika kuingia Kongo. Hata hivyo njia hizo mbili zilikuwa kama matawi ya mti mmoja, na shina la mti huo lilikuwa Unguja. Huko ndiko zilikotoka nguo na baruti, huko ndiko zilikorudi pembe, na huko ndiko walikokaa matajiri wenye kukopesha.

Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, mti ule ule ulichipua matawi mapya. Alidina Visram, Mhindi wa Kutch aliyefika pwani akiwa kijana na kujifunza kazi kwa Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyewauzia misafara mahitaji yake, alifungua maduka kuifuata reli mpaka Kisumu, na kutoka hapo mpaka Uganda. Alifariki mwaka wa 1916. Wenye maduka madogo wengi waliomfuata katika nchi za Ziwa walianza kwa mali ya mkopo, kama misafara ilivyoanza. Kwa hiyo mtu wa Butere aitazamapo nyumba ya Tippu Tip aitazama nyumba ya babu wa biashara aliyoikuta mlangoni pake.

MLANGO

Nyumba hiyo iko katika uchochoro mwembamba, nyuma ya jengo lililokuwa klabu ya Waingereza na ambalo baadaye liliitwa Africa House. Vichochoro vya Shangani havikufanywa kwa magari. Vilifanywa kwa watu wa miguu, punda na wapagazi, na kuta ndefu za pande mbili hukinga jua ili anayepita apate kivuli karibu mchana kutwa. Katika njia nyembamba kama hiyo hakuna awezaye kurudi nyuma na kuitazama nyumba yote kwa mara moja. Kwa sababu hiyo matajiri wa Unguja hawakutia fahari yao katika kuta za nje, ambazo ni tupu na zimepakwa chokaa tu. Fahari waliitia mlangoni.

Mlango wa Tippu Tip ni mmoja wa milango mikubwa iliyochongwa katika mji ule, na mtu huufikia kwa ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Milango ya namna hiyo ina mbao mbili, ya kulia na ya kushoto, na katikati yao mti uitwao mfaa, ambao hufunika mahali mbao zinapokutana. Kando zote mbili husimama miimo, na juu hulala kizingiti. Mafundi walichonga katika miti hiyo maua ya yungiyungi, mawimbi, samaki, matawi ya mtende, na mnyororo uzungukao kando. Wengine husema kwamba samaki ni dua ya kuomba uzazi, mtende ni baraka ya chakula, na mnyororo ni ulinzi wa nyumba. Katika milango mingi hupigiliwa vifundo vya shaba vyenye ncha. Yasimuliwa kwamba katika nchi ya Bara Hindi, ambako desturi hiyo ilitoka, vifundo hivyo vilikuwa silaha ya kuzuia tembo wa vita wasiuvunje mlango kwa kichwa. Huko Unguja hapakuwa na tembo hata mmoja wa kuzuiwa. Tembo waliofika Unguja walifika wakiwa pembe tupu.

Mbao nzuri za milango zilikuwa za msaji ulioletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi, ingawa mafundi walitumia pia mfenesi na miti mingine ya nchi. Desturi ilikuwa kwamba mlango huandaliwa kwanza na kusimamishwa, kisha nyumba hujengwa kuufuata. Mtu aliyepita njiani aliutazama mlango na kujua tajiri ni nani, naye tajiri alijua kwamba watu watautazama.

KUTA, BORITI NA SAKAFU

Ndani ya mlango mambo ni mengine. Nyumba za mawe za Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mawe yaliyofanywa na viumbe wa baharini. Mawe hayo si mazito sana, nayo hushikwa na chokaa iliyochomwa kwa mawe hayo hayo. Mafundi walipanga magogo ya kuni, wakaweka mawe juu yake, wakatia moto ukawaka siku kadhaa. Kilichobaki kilikuwa chokaa, nayo ilichanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Kuta zilifanywa nene sana, hata dirisha moja lilikuwa na nafasi ya kuketi mtu ndani yake. Unene huo ulikuwa na faida mbili, kwa kuwa uliibeba nyumba ya ghorofa mbili au tatu na kuzuia joto la mchana lisiingie vyumbani.

Dari lilibebwa na boriti, miti ya mikoko iliyokatwa katika maeneo ya Rufiji na Lamu na kuletwa kwa majahazi. Hapa pana siri ndogo ya ujenzi ambayo kila fundi wa Butere aliyewahi kuweka kenchi juu ya nyumba ataielewa mara moja. Boriti imara ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa. Kipimo chake ni futi tisa au kumi hivi. Kwa hiyo upana wa kila chumba uliamuliwa na mti wala haukuamuliwa na mwenye nyumba. Awe tajiri wa pembe elfu au mwenye duka la samaki wakavu, chumba chake kilikuwa chembamba. Tofauti ilikuwa kwamba tajiri aliweza kukirefusha, akajenga vingine kuuzunguka ua, akaongeza ghorofa juu ya ghorofa. Mali ingeweza kununua urefu na kimo. Haikuweza kununua upana.

Kati ya nyumba za namna hiyo uliachwa ua ulio wazi juu, wa kuingiza mwanga na hewa. Wageni wanaume walipokewa kwenye baraza ya nje au katika chumba kilicho karibu na mlango, wakapewa kahawa, wakazungumza habari za bei na misafara. Wanawake na watoto walikaa ghorofani, mahali macho ya wageni yasipofika. Katika kuta za vyumba vilikatwa zidaka, yaani vishimo vya kuwekea taa, vitabu na vyombo vya kauri. Chini, penye giza na baridi, palikuwa pa ghala na watumishi.

Juu ya boriti mafundi walipanga vipande vya mawe, wakamwaga chokaa na kokoto, kisha sakafu ikapigwa. Kazi hiyo ya kupiga sakafu ilikuwa maarufu mjini. Watu wengi, hasa wanawake, walisimama kwa safu wenye vipande vya miti mikononi, wakapiga chokaa pamoja kwa kufuata wimbo, siku baada ya siku, mpaka ikashikana na kuwa ngumu kama jiwe. Waliosikia ngoma na nyimbo kwa mbali wangedhani ni arusi.

Watu waliopiga sakafu, waliochoma chokaa na waliobeba mawe kutoka ufukoni, wengi wao walikuwa watumwa. Baadhi yao waliajiriwa kwa siku, na sehemu ya ujira wao ilichukuliwa na mabwana zao. Mtu wa namna hiyo alipewa hati ndogo, yaani barua ndogo, iliyoonyesha kazi yake. Ndiyo asili ya neno ambalo kila mfanyakazi wa Afrika Mashariki analijua leo: kibarua.

MALI ILITOKA WAPI

Tippu Tip alizaliwa Unguja karibu na mwaka wa 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa Tabora, tena alioa katika jamaa ya mtemi wa Wanyamwezi. Kijana Hamed alianza na biashara ndogo ya sandarusi, kisha akamfuata baba yake bara. Hakuwa na mali ya kutosha ya kwake. Alifanya kama walivyofanya karibu wote: alikopa. Matajiri wa Kihindi wa Unguja walimpa nguo, shanga na bunduki, wakaandika madaftarini mwao, wakangoja kwa miaka ili walipwe kwa pembe. Aliyemkopesha zaidi ya wote alikuwa Tharia Topan, tajiri mkuu wa Unguja wa siku zile, ambaye jengo alilolianzisha mwaka wa 1887 kwa ajili ya hospitali lingali limesimama mbele ya bandari.

Kwa mkopo huo Tippu Tip aliingia nchi za mbali. Mwaka wa 1867 alipigana na Nsama, mtawala wa Itabwa, kusini ya Ziwa Tanganyika, akamshinda na kupata pembe nyingi. Mwaka huo huo alikutana na Livingstone na kumsaidia. Mwaka wa 1874 alimsaidia Cameron, na mwaka wa 1876 alimsindikiza Stanley kuufuata mto Lualaba. Stanley aliandika kwamba alikuwa mtu wa adabu, msafi, mwenye akili na maneno mazuri. Kasongo, katika nchi ya Manyema, ukawa mji wake, na watu wa nchi kubwa wakamtii.

Lakini pembe hazikuja zenyewe Unguja. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani ratili 70. Pembe kubwa ilifungwa katika mti na kubebwa na watu wawili. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ni maili 700 na zaidi, na mwendo ulichukua miezi, katika jua, mvua, njaa na ndui. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi walioajiriwa kwa mshahara, watu wenye sifa kubwa ya kazi hiyo. Wengine walikuwa watumwa, ambao wangeuzwa wao wenyewe mwisho wa safari au kupelekwa katika mashamba ya karafuu. Vita vya kutafuta pembe vilikuwa pia vita vya kuteka watu. Mwezi wa Julai, 1871, Livingstone aliwaona watu wa misafara wakiwapiga bunduki wanawake waliokuja sokoni Nyangwe. Siku ile haikuwa kazi ya Tippu Tip, lakini biashara ilikuwa moja, na bunduki zilikuwa za aina moja. Hata jina lake lasemekana lilitokana na bunduki. Mwenyewe alieleza kwamba wenyeji walimwita hivyo kwa sababu ya mlio wake, ingawa wengine walisema ni kwa sababu ya kupepesa macho.

Na pembe zile zilikwenda wapi? Nyingi zilinunuliwa na Wamarekani waliokaa Unguja, zikasafirishwa mpaka viwanda vya Connecticut, huko Marekani, zikakatwa vipande vyembamba vya kufunikia vibao vya piano. Wengine walizifanya vitana na mipira ya mchezo wa meza. Kwa malipo zilirudi nguo za pamba, ambazo kwa asili yake zikaitwa merikani, jina ambalo wazee wa nchi za Ziwa walilijua vizuri. Binti wa mtu tajiri katika mji wa Marekani aligusa piano, na hakujua ni bega la nani lililobeba ule weupe.

MZEE NA KITABU CHAKE

Mwaka wa 1887 Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji katika Stanley Falls, mahali paitwapo leo Kisangani. Aliingia merikebuni pamoja na Stanley, wakaizunguka Afrika kwa upande wa kusini mpaka mdomo wa mto Kongo. Hivyo mtu aliyeijua nchi ile kuliko mgeni yeyote akapandisha bendera ya mfalme aliyekusudia kuitwaa. Alirudi Unguja mwaka wa 1891 wala hakuiona Kongo tena. Mwaka uliofuata vita vikali vikaanza huko kati ya Waarabu na jeshi la Leopold. Sefu, mwanawe, aliuawa mwaka wa 1893, na mali ya Kongo ikapotea. Kisha Rumaliza, mshirika wake wa zamani, akamshtaki barazani kwa ajili ya mali ya ushirika.

Basi mtu aliyeamuru nchi nzima akawa mzee wa Shangani, mwenye mashamba na nyumba, akiketi na wageni na kusimulia. Katika miaka hiyo alifanya jambo ambalo pengine limedumu kuliko mawe yake. Kwa kuombwa na Mjerumani, Heinrich Brode, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Brode aliigeuza kwa herufi za Kirumi, ikachapishwa mwaka wa 1902 na 1903. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilichapishwa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Ni miongoni mwa masimulizi ya kwanza ya mtu kuandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ni Kiswahili kikavu, cha haraka, cha mtu aliyezoea hesabu: siku za mwendo, frasila za pembe, majina ya watawala na ya wadeni. Wapagazi huhesabiwa zaidi kuliko kutajwa.

Tippu Tip alifariki Unguja mwezi wa Juni, 1905, kwa malaria. Biashara ya kusafirisha watumwa ilikuwa imepigwa marufuku, na soko lao kufungwa, mwaka wa 1873. Na tangu mwaka wa 1897 sheria ya Unguja haikuutambua tena utumwa. Aliishi kuuona ulimwengu uliomtajirisha ukifungwa mlango mmoja baada ya mwingine.

NYUMBA BAADA YA MWENYEWE

Nyumba ilibaki makao ya watu binafsi mpaka miaka ya 1960. Baada ya Mapinduzi ya mwaka wa 1964 iligawanywa, na familia kadhaa zikapewa vyumba humo. Moshi wa majiko ukapanda mahali matajiri walipokunywa kahawa, na nguo za watoto zikaanikwa. Wako watakaohuzunika kusikia hivyo. Lakini mtu mwenye haki atakumbuka kwamba huenda miongoni mwa waliolala humo baada ya mwaka ule walikuwamo wajukuu wa watu waliopiga sakafu ile. Wenyeji wa mtaa husimulia kwamba roho za watumwa hazijaondoka katika nyumba hiyo. Msomaji na aamini au asiamini, lakini simulizi hiyo yaonyesha kwamba watu wa Shangani hawakusahau hesabu, hata kama haikuandikwa.

Shida kubwa ya nyumba za namna hiyo ni maji. Matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa tena kama kitu chenye pumzi. Paa likivuja, maji huingia ndani ya ukuta mnene, huozesha vichwa vya boriti mahali vilipoingia ukutani, na dari huanza kuinama. Wengine hudhani saruji ndiyo dawa. Wakipaka saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huharibika zaidi. Dawa yake ni chokaa ile ile ya zamani, boriti mpya, na paa lisilovuja. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2000, lakini orodha haizibi paa. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka wa 1883, ilianguka wakati wa kulitengeneza na kuua watu wawili. Wazee walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hapo ndipo penye swali zito. Je, yafaa kuitunza nyumba ya mtu aliyepata mali kwa pembe, bunduki na watumwa? Wako wasemao kwamba ingekuwa heri ianguke. Wako wengine wapendao kumwonyesha mgeni mlango tu, wakasifu maua yake, wakanyamaza juu ya mengine. Wote wawili wafanya kosa la aina moja, kwa kuwa wote waichana karatasi ya daftari. Nyumba ikianguka, watu waliobeba mawe yake wapoteza shahidi wao wa mwisho, kwa sababu hawana kaburi lenye jina wala kitabu. Na mlango ukisifiwa peke yake, tajiri husifiwa mara ya pili kwa kazi ambayo hakuifanya. Kuitunza vema ni kuziba paa, na kisha kumweleza kila aingiaye habari zote: jina la aliyekopesha, umbali wa njia, uzito wa mzigo, na mikono iliyopiga sakafu.

HESABU YA BUTERE

Mali bila daftari, wasema Waswahili, hupotea bila habari. Maduka ya kizamani ya Butere hayana milango ya msaji wala ngazi za marumaru, na hakuna mtalii atakayesafiri kutoka mbali ili kuyapiga picha. Lakini nayo yana hesabu yake. Yuko mtu aliyefyatua matofali, na yuko aliyebeba bati kutoka stesheni. Yuko mwenye duka aliyelala juu ya magunia miaka mitatu ya kwanza ili alipe deni la Kisumu. Wako wakulima ambao mahindi yao na pamba yao ndizo zilizolipa gharama yote ile, kipimo kwa kipimo, na ambao pengine mizani haikuwatendea haki kila mara.

Mambo hayo hayahitaji mtaalamu kutoka nchi za mbali. Karani mwenye kalamu na daftari la shule aweza kuketi jioni moja na mzee wa Marama aliyeukumbuka mji ulipokuwa mdogo, akamwuliza maswali machache: duka lile lilijengwa mwaka gani, mafundi walikuwa akina nani na walitoka wapi, walilipwa nini kwa siku, matofali yalifyatuliwa wapi, na mwenye duka alimkopa nani. Kisha aandike majina, yote, pamoja na ya wapagazi.